Baada ya Salamu, Nakuarifu

  Kwa wasikilizaji walioko mwaloni Kibirizi na Katonga, ambao saa hizi ndiyo kwanza wanashusha dagaa wa usiku, poleni na kazi, poleni na baridi. Ongezeni sauti kidogo, maana mazungumzo ya leo yanawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote.

Leo tunazungumzia barua. Barua za mapenzi zina kipindi chake. Mimi nazungumzia barua za biashara, zile ambazo mbia mmoja humwandikia mbia mwenzake aliye mbali, kumweleza mali imefika wapi, imeuzwa kwa bei gani, nani anadaiwa, na nini kifanyike baada ya hapo.

Naomba nianze na swali, na kila mmoja ajijibu hapo alipo. Una mshirika wa biashara. Yuko mbali. Hamjaonana tangu mwaka jana. Utajuaje kwamba mali yako bado ni yako?

Nitoe mfano, na mfano huu si wa mtu fulani, ni wa watu wengi. Mama anafanya biashara ya dagaa hapa Kigoma. Mwenzake yuko Dar es Salaam. Huyu wa Kigoma ananunua mwaloni, anaanika, anafunga magunia, anapakia. Yule wa Dar es Salaam anapokea, anauza, anatuma pesa kwa simu. Mwaka wa kwanza mambo ni mazuri. Ukiwauliza mtaji ni wa nani, watakwambia ni wetu sote. Nani aliweka kiasi gani? Ah, tunajuana. Gunia lililoloa mvua njiani ni hasara ya nani? Tutahesabiana. Basi mwaka wa tatu wanahesabiana kweli, ila wanahesabiana mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na kila mmoja amekuja na hesabu yake kichwani.

Tutahesabiana. Hilo shikeni, tutakutana nalo tena mbele ya safari.

Sasa twende Ujiji. Najua vijana wengi mnaiona Ujiji kama mtaa tu, unapanda daladala unashuka. Lakini miaka 150 iliyopita mji ulikuwa Ujiji, na Kigoma ilikuwa kijiji cha pembeni. Reli ndiyo iliyogeuza mambo, ilipofika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya hapo, kila aliyetoka pwani, awe mfanyabiashara, mmisionari au mpelelezi, alikuwa akitafuta Ujiji.

Na Ujiji palikuwa na soko hasa. Chumvi ilitoka Uvinza. Mawese yalitoka kandokando ya Ziwa Tanganyika. Majembe yalikuwapo, kwa sababu watu wa nchi hizi walijua kuyeyusha chuma tangu zamani. Wafipa, kule kusini mwa ziwa, walijenga tanuru za udongo ndefu kumpita mtu. Ukitaka kununua mhogo au kuku pale sokoni ulilipa kwa shanga, zile zilizoitwa sofi. Lakini mali kubwa, mali iliyowatoa watu Unguja na kuwaleta hadi huku, ilikuwa pembe za ndovu. Zilitoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, zikavushwa kwa mitumbwi, zikabebwa begani hadi Tabora, na kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kisha jahazi hadi Unguja.

Hapa lazima niseme jambo moja wazi kabla hatujaendelea, nisije nikaonekana napamba historia. Njia hiyo ya pembe ilikuwa pia njia ya watumwa. Baadhi ya wapagazi walikuwa watu huru, Wanyamwezi wengi waliobeba kwa ujira. Lakini wengine walifungwa minyororo, na katika hesabu za wafanyabiashara watu hao waliandikwa kama mali, sawasawa na jora za nguo. Unapozisoma karatasi za wakati ule, mwandiko mzuri na salamu za heshima zisikusahaulishe hilo. Nani alilipa gharama ya biashara ile? Manyema walilipa. Vijiji vya ng'ambo vililipa.

Haya, tuendelee. Mtaji wa biashara hii ulitoka wapi? Ulitoka Unguja, kwa matajiri wa Kihindi. Yupo aliyeitwa Ludha Damji, aliyekuwa msimamizi wa forodha ya Sultani. Yupo Taria Topan, aliyeshika forodha hiyo baadaye, na ndiye aliyekuwa nyuma ya misafara mingi mikubwa. Tajiri alikukopesha mali: nguo za merikani, kaniki, shanga, baruti, bunduki. Wewe ukaingia bara. Ukarudi na pembe, zikapimwa kwa frasila, frasila moja ikiwa karibu kilo 16, ukalipa deni na faida ikabaki kwako. Hayo ndiyo makubaliano.

Lakini hebu fikirini. Tajiri yuko Unguja, kibarazani. Mali yake iko Manyema, kwa mtu ambaye huenda asimwone kwa miaka. Hamed bin Muhammed, yule tunayemjua wote kwa jina la Tippu Tip, aliondoka pwani mnamo mwaka 1870, akarudi Unguja mwaka 1882. Miaka kumi na miwili! Mtoto anazaliwa, anatahiriwa, anahitimu chuoni, na baba bado yuko safarini. Muda wote huo tajiri anaishi na nini? Anaishi na barua.

Barua kutoka pwani hadi Ujiji ilichukua miezi mitatu njia ikiwa shwari, na njia haikuwa shwari kila mwaka. Mwaka 1871 mtemi Mirambo wa Wanyamwezi alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ilifungwa, na mali na barua zikakwama Unyanyembe, yaani huko Tabora. Aliyengoja habari Ujiji aliendelea kungoja.

Kwa hiyo barua yenyewe iliandikwa kwa uangalifu. Iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, lugha ikiwa Kiarabu au Kiswahili. Kwanza jina la Mwenyezi Mungu. Kisha jina la mwandikiwa, na jina hilo halikutajwa kavu: sheikh, mpenzi, mtukufu, Mungu amhifadhi. Halafu salamu, na hali ya mwandishi, na hali ya watu wa nyumbani. Ndipo inakuja: wa baadu, baada ya salamu, nakuarifu kuwa barua yako imefika, na uliyoyasema yote nimeyafahamu.

Simameni hapo kidogo. "Barua yako imefika, uliyoyasema nimeyafahamu." Hilo lilitangulia biashara. Mtu alithibitisha kwanza kwamba amepokea neno lako, ndipo akatoa lake. Kisha mali inatajwa: fulani bin fulani nimempa kiasi hiki, deni lililobaki ni hili, umpe huyu anayekuletea waraka. Na mwisho kabisa: ameandika haya fulani bin fulani kwa mkono wake. Ikiwa aliandikiwa na mtu mwingine, hilo nalo lilisemwa, kwamba kaandika fulani kwa idhini ya fulani. Kwa nini? Kwa sababu siku ya ugomvi, mkono ndio ushahidi.

Sitaki mdhani kwamba wazee wale walikuwa malaika. Barua inaweza kusema uongo kama ulimi unavyosema. Na kisa kizuri kuliko vyote vya barua ya uongo kilitokea hapo hapo Ujiji.

Wengi tunajua kwamba mwandishi wa habari Stanley alimkuta mpelelezi Livingstone Ujiji mwaka 1871. Kibao kipo, makumbusho ipo, watalii wanapiga picha. Lakini tunasahau kuuliza: kwa nini Livingstone alikuwa katika hali mbaya hata kufika kwa Stanley kukawa ni kama kuokolewa? Alikuwa na mali yake Ujiji. Alitumiwa kutoka Unguja. Nguo karibu yadi 3,000, na shanga ratili 700. Kwa wakati ule hiyo ni mali ya mtu kula na kusafiri nayo muda mrefu.

Mali hiyo alikabidhiwa mtu aliyeitwa Sherif, ailete na kuitunza. Livingstone yuko Manyema, hajulikani alipo. Sherif akakaa Ujiji, akaanza kuuza. Auze nguo, anunue pembe. Auze shanga, anunue watumwa. Sasa akaona mambo yamekuwa mazito, ipo siku ataulizwa. Akafanya nini? Akaandika barua! Alimwandikia liwali wa Unyanyembe kwamba amepeleka watu Manyema kumtafuta mzungu, nao wamerudi na habari kuwa mzungu amefariki. Kwa hiyo anaomba ruhusa ya kuuza vitu vichache vilivyosalia. Na kwa watu wa Ujiji akasema amepiga ramli kwa Kurani, na ramli imesema mtu huyo kafa.

Oktoba 1871 aliyekufa akaingia mjini kwa miguu yake, mgonjwa, amekonda. Hakukuta hata kete ya shanga. Na Sherif, jamani, Sherif alikuja kumpa mkono! Livingstone aliukataa mkono ule, na Sherif akaonekana kuudhika, kama aliyetukanwa. Akaendelea kuja kumsalimu asubuhi na jioni, mpaka Livingstone akamwambia kwamba kama yeye Livingstone angekuwa Mwarabu, huyo Sherif angekwisha kukatwa mkono na masikio yote mawili kwa wizi.

Ila Ujiji hiyo hiyo alikuwapo mwingine, Sayyid bin Majid. Huyu alimwendea mgonjwa wakati wako peke yao, akamwambia: mimi sina bidhaa, lakini nina pembe; niruhusu niuze pembe kidogo, nikupe wewe bidhaa. Hakuna mkataba, hakuna shahidi. Livingstone alishukuru, akasema asubiri kwanza. Siku chache baadaye Stanley akafika.

Mnaona basi. Mji ule ule, mwezi ule ule. Mmoja ana karatasi na ni mwizi, mwingine hana karatasi na ni mwungwana. Mtu anaweza kuniambia: wewe mtangazaji, umejipinga mwenyewe, karatasi ina faida gani? Faida yake ni hii: uongo wa Sherif uliandikwa, ukawa na jina la aliyeandikiwa, na ndiyo maana leo tunamsema. Angalisema kwa mdomo, angalikana.

Tuje sasa kwa wabia wakubwa. Katika miaka ya 1880 Ujiji ilikuwa chini ya Mwinyi Kheri, mtu wa pwani aliyeishi hapa miaka mingi na kuoa huku, naye ndiye aliyepokea bendera ya Sultani wa Unguja. Alifariki mwaka 1885. Baada yake sauti kubwa kando ya ziwa ikawa ya Mohammed bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza. Huyu alikuwa mbia wa Tippu Tip. Alikuwapo pia Bwana Nzige, ndugu wa Tippu Tip, aliyeshughulika zaidi upande wa Kongo. Ilikuwa, kwa lugha ya leo, kampuni: mmoja Ujiji, mwingine Kasongo, mwingine Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani, na tajiri wao Unguja. Mali ya pamoja, pembe zimetawanyika vituo vyote, watu wao wako kila mahali. Na kinachowaunganisha ni watu wa miguu wanaobeba karatasi.

Wakati huo huo Tippu Tip aliingia mkataba mwingine, huu wa kizungu. Februari 1887, Unguja, alitia saini kwamba atampa Stanley wapagazi kwa ule msafara wa kumwendea Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan. Akateuliwa pia kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya mfalme wa Wabelgiji. Msafara ukaharibika, watu wengi wakafa, na baada ya hapo kila mmoja akamtupia mwenzake lawama. Stanley alisema Tippu Tip hakuleta wapagazi aliowaahidi. Tippu Tip alisema Stanley hakutoa baruti aliyoahidi. Stanley akafungua kesi kwenye mahakama ya ubalozi wa Uingereza Unguja, na kuomba pauni 10,000 kutoka katika fedha za Tippu Tip zilizokuwa kwa Taria Topan. Kesi hiyo haikufika mbali, mwishowe iliachwa.

Iliyomuumiza Tippu Tip ilikuwa kesi ya pili, na hii hakushtakiwa na mzungu. Alishtakiwa na mbia wake. Rumaliza alimpeleka mbele ya mahakama ya Wajerumani Dar es Salaam kwa ajili ya mali ya ushirika wao, na mali ya Tippu Tip huku bara ikamponyoka. Anayasimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, alichokiandika kwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ambacho Mjerumani Heinrich Brode alikichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ukikisoma kitabu hicho utaona mzee yule anakumbuka kila kitu: nani alimkopesha, nani alimdhulumu, pembe ngapi, mahali gani. Mtu mwenye kumbukumbu ya namna hiyo! Na bado alishindana mahakamani na mtu waliyekula naye sahani moja, kuhusu nani anamdai nani.

Tutahesabiana.

Labda mtasema, hao walikuwa watu wa zamani, watu wa misafara, hawakuwa na posta wala benki. Basi nawapeleka mbali kidogo, nchini Marekani, mji wa Pittsburgh, miaka ile ile. Huko kulikuwa na wabia wawili katika biashara ya chuma cha pua. Mmoja Andrew Carnegie, Mskoti aliyehamia Marekani akiwa mtoto maskini. Mwingine Henry Clay Frick, aliyekuwa na matanuru ya koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa mpaka yakawa na moto mkali wa kuyeyushia chuma. Carnegie ana viwanda, Frick ana makaa. Wakaungana.

Carnegie alipenda kwenda kwao Uskoti wakati wa kiangazi. Viwanda akaviongoza kwa barua na simu ya maandishi. Mwaka 1892, kabla ya mgogoro mkubwa na wafanyakazi wa kiwanda cha Homestead, alimwandikia Frick kumuunga mkono asilegeze kamba. Kisha akasafiri. Julai, Frick akaleta walinzi wa kukodi kwa mashua mtoni usiku, wakakutana na wafanyakazi, risasi zikalia, watu wakafa pande zote mbili. Baadaye Carnegie alitaka dunia imuone kama mtu aliyekuwa mbali, asiyehusika. Lakini barua zilikuwapo. Mkono wake ulikuwapo.

Na wabia hao waliandikiana sana, tena waliandikishana. Mwaka 1887 kampuni ya Carnegie iliweka mkataba mgumu kiasi kwamba wenyewe waliufananisha na deraya ya chuma: mbia akifukuzwa na wenzake, lazima auze hisa zake kwa bei iliyo kwenye vitabu vya kampuni, hata kama bei ya kweli ni kubwa mara nyingi. Watu makini, sivyo? Wana makarani, wana mawakili, wana simu ya maandishi. Haya, waligombania nini? Waligombania bei ya koki. Carnegie alisema walikubaliana bei fulani kwa tani, haipandi. Kampuni ya koki ya Frick ikasema hakuna mkataba wa namna hiyo uliopitishwa. Yalikuwa makubaliano ya mdomo! Waliandika kila kitu, wakaacha moja tu bila kuandika, na hilo moja likawavunja. Mwaka 1900 Frick akaenda mahakamani kupinga bei ya hisa zake. Kwa ule mkataba wangempa karibu dola milioni 5. Walipopatana nje ya mahakama, alitoka na zaidi ya milioni 30. Mwaka uliofuata Carnegie akauza yote kwa J. P. Morgan, mwenye benki.

Nawaomba mwone uhusiano, maana haukuwa mbali kama tunavyodhani. Pembe zilizopita Ujiji zilinunuliwa Unguja na makampuni ya Marekani, zikapelekwa viwandani Connecticut, zikachongwa kuwa vibao vya kinanda kwa sebule za wenye nacho. Na merikani iliyolipia pembe hizo ilifumwa Marekani vilevile. Hata chuma cha pua kilitufikia wakati huo: mwaka 1883 wamisionari wa London Missionary Society waliingiza Ujiji mashua ya chuma, imekatwa vipande, imetoka pwani kwa nguvu za watu. Ilikuwa kabla ya meli yetu ya Liemba kwa miaka zaidi ya 30.

Nimeyataja haya yote ili niseme neno moja, na sasa nalisema: umbali haukuwavunja wabia. Miezi mitatu ya kungoja barua haikuwavunja. Walipoandikiana walidumu, walipofika kwenye jambo ambalo hawakuliandika, hapo ndipo walipogeukiana. Wahenga walishatuambia, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na sisi? Sisi tuna simu. Ujumbe wa Kigoma unafika Dar es Salaam, Bujumbura, Kalemie kabla hujafumba jicho. Na kwa sababu unafika haraka, tunaona hauna haja ya kuwa kamili. Tunatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne, nusu yake kicheko. "Ule mzigo umefika, wale jamaa wamelipa, bado kidogo." Mzigo upi? Jamaa gani? Kidogo ni shilingi ngapi? Tarishi wa Tippu Tip angeona aibu kubeba habari kama hiyo kwa miezi mitatu.

Kwa hiyo, mama yangu wa Kibirizi, kaka yangu wa Mwanga mwenye duka, nawashauri hivi. Mkianza biashara ya pamoja, nunueni daftari, la kawaida tu, la wanafunzi. Andikeni nani ameweka nini, tarehe gani. Andikeni hasara ni ya nani mali ikiharibika njiani. Andikeni mmoja akitaka kutoka mtagawana vipi. Jambo lisiloandikwa ndilo lililowakwaza wakubwa wa Pittsburgh, na kugawana mali ndiko kulikowafikisha Rumaliza na Tippu Tip kwa Mjerumani. Kila mmoja atie sahihi kwa mkono wake. Shahidi awepo. Na mwenzio akikutumia mzigo, mjibu kwanza: umefika, magunia kadhaa, mawili yameloa. Usisubiri akuulize.

Wengine huona kuandikishana na ndugu au rafiki ni kumdharau, kama vile unamshuku. Mimi sikubali. Wazee wale walianza barua kwa kumwita mtu mpenzi, mtukufu, wakamuombea kwa Mungu, na mstari uliofuata wakaandika deni lake. Heshima na hesabu zilikaa karatasi moja na hazikugombana.

Nimalizie na ombi. Sehemu ya barua za wakati ule, za Kiarabu na za Kiswahili, ziko Ubelgiji, Tervuren, zilichukuliwa na maofisa wa Kongo wakati wa vita vilivyomvunja nguvu Rumaliza mwanzoni mwa mwaka 1894. Wataalamu wa huko wanazisoma na kuzichapisha, na hilo ni jema. Lakini barua zina pande mbili: iliyotumwa na iliyopokewa. Na majibu yake hayakwenda yote Ulaya. Ujiji kuna nyumba za zamani, kuna familia ambazo babu wa babu alikuwa mwandishi, tajiri, tarishi au nahodha. Kuna masanduku juu ya dari, kuna vitabu vya dini vyenye karatasi katikati ya kurasa. Nimesikia nyingine zimechomwa wakati wa kupaka nyumba rangi, kwa kuwa hakuna tena nyumbani anayesoma herufi zile.

Msichome, tafadhali. Hata kama ni kipande chenye mistari mitatu ya kudai nguo, hata kama kimeliwa na mchwa pembeni. Kama humo mna majina ya watu waliouzwa, hapo ndipo pa kutunza zaidi, kwa sababu huenda hakuna mahali pengine popote duniani ambapo majina yao yameandikwa. Msimuuzie mgeni anayepita. Mpelekeeni mwalimu wa madrasa aisome, pigeni picha kwa simu pande zote mbili, kisha wasilianeni na Nyaraka za Taifa, au na ofisi ya utamaduni ya halmashauri yenu, mwulize namna ya kuihifadhi ikiwa bado ni mali ya familia yenu. Ukiwa nayo, piga simu hapa studioni, au pita mwenyewe. Njoo nayo ndani ya bahasha kavu, usiikunje upya.